Njoo Aprili, Theluji Ikiwa Laini

Kochi, 18 Novemba 2018

Shangazi Fusae,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo wako umetulia. Sisi huku hatujambo. Tangawizi yote imechimbwa na imeingia ghalani. Baba alikohoa wiki mbili, sasa ameacha. Joto bado lipo. Jana nimeendesha basi dirisha likiwa wazi.

Najua sisi huandikiana mwaka mpya tu, tangu ulipokuja kumzika mama. Usishtuke, hakuna msiba. Nina jambo langu: nataka kuja kwako Aprili nijifunze kuteleza kwenye theluji.

Ilianza hivi. Tulikuwa karakana ya mabasi tunakunywa chai, televisheni ikaonyesha Mlima Shirotae, watu wanateremka kama mchele unaomwagwa. Nikasema, "Mlima huo anautengeneza shangazi yangu." Bwana Nomura, dereva mwenzangu, akaweka kikombe chini. "Mlima unatengenezwaje?" Nikamweleza kuwa kila alfajiri unapanda trekta la theluji na kusawazisha njia kabla watu hawajaamka. Akauliza, "Na wewe umeteleza huko mara ngapi?" Nikasema sijawahi. Basi wote wakacheka. "Wewe na mlima huo hamjuani kabisa," akasema.

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nina miaka thelathini, baba yangu amezaliwa chini ya mlima huo, na mimi theluji naijua ya kwenye friji.

Nimeomba likizo ya siku nne, tarehe 9 hadi 12. Aprili theluji itakuwa bado ipo? Ninunue mbao za kutelezea au nikodi? Nilale wapi? Na mtu mzima anaweza kujifunza kwa siku mbili, au nitakuja kuwachekesha watu?

Baba sijamwambia.

Wako,
Chinatsu


Shirotae, 2 Desemba 2018

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Mgongo wangu ni mzima, kinacholia ni kiti cha trekta. Hapa theluji ilianza Jumatano na haijanyamaza. Nimeshaweka mbao za kukinga madirisha, figili ziko kwenye pipa zinachachuka. Mimi na paka tunatosha nyumba nzima.

Umechagua vizuri kuja Aprili, hata kama hukujua unachagua nini. Februari wanakuja watu wa Tokyo kwa maelfu, upepo unachuna uso, na anayeanguka anaangukia jiwe. Aprili theluji huwa laini na ina huruma kwa wanaoanza. Kule juu inabaki mita tatu, usiwe na wasiwasi.

Lakini ujue saa zake. Asubuhi na mapema ni ngumu kama sahani. Jua likipanda, kwenye saa tatu, inaachia na kuwa chembechembe kama chumvi ya mawe. Hapo ndipo pa kuteleza. Baada ya saa saba mchana inakuwa uji, inakushika miguu. Kwa hiyo utaanza upande wa mashariki, utalifuata jua, na mchana utapumzika na kula.

Usinunue mbao. Anayenunua kabla hajaanguka mara moja ana pesa za kuchezea. Utakodi fupi, pamoja na viatu vyake. Nunua glavu nzuri na soksi ndefu, uvae jozi moja tu. Wanaovaa mbili ndio wanaotoka malengelenge. Lete mafuta ya kukinga jua, ujipake mpaka chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, maana mwanga hapa unapiga kutoka chini. Suruali nitakuazima.

Hotelini hulali. Una nyumba.

Kuhusu miguu: kila unapopiga mswaki, simama umekunja magoti mpaka umalize. Una faida moja kubwa. Dereva amezoea kutazama mbali. Anayejifunza hutazama miguu yake, na kwa hiyo huanguka.

Tarehe zako zinafaa. Usizisogeze mbele hata kwa siku moja.

Umwambie baba yako au usimwambie, hilo ni lako. Mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni, mpe asali.

Shangazi yako,
Fusae


Kochi, 10 Januari 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Vyakula vya sikukuu tumekula mimi na baba, tukaenda kaburini kwa mama kumsafishia. Kikohozi hakijarudi.

Ninapiga mswaki nikiwa nimekunja magoti. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi za basi kama bibi kizee, abiria mmoja akanishika mkono. Sasa nafika dakika tano. Miwani ya theluji nimenunua, usigombe, ilikuwa ya bei ya mwisho wa mwaka.

Likizo ilitaka kuniponyoka. Msimamizi alisema Aprili wanafunzi wanafungua shule, basi niende Mei. Nikamwambia theluji haisomi ratiba yake. Nimejitolea kufanya kazi sikukuu zote za Mei ili nipate siku zangu nne, na ameshasaini.

Nimemwambia baba. Tulikuwa tunakula. Aliweka vijiti chini, akasema anakwenda kutazama ghala. Ghala lilikuwa limefungwa tangu mchana, Shangazi. Alikaa huko saa nzima.

Halafu kuna hili. Nimeagiza ramani ya njia za mlima ili nizisome mapema, kama ninavyosoma njia mpya ya basi. Chini ya lifti ya tatu, vile viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, kuna njia inaitwa Shamba la Miforosadi. Mama aliwahi kunidokeza kuwa babu alikuwa akifuga viwavi wa hariri, na viwavi hao hula majani ya mforosadi. Je, shamba hilo lilikuwa letu? Ndilo lililomfanya baba aondoke?

Ninauliza kwa heshima. Yeye hasemi.

Chinatsu


Kochi, 20 Februari 2019

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu Januari. Taarifa ya habari inasema theluji imezidi huko kwenu na barabara mbili zimefungwa. Simu yako inaita tu.

Kama ni kazi, nitaelewa. Kama ni swali langu, nisamehe. Nitakuja niteleze, nile figili zako, na sitauliza tena.

Kwenye boksi hili kuna kilo tatu za tangawizi. Nilipokuwa nafunga, baba alipita, akatoa vipande viwili nilivyochagua mimi, akaweka vingine vilivyo bora. Hakuuliza boksi linakwenda kwa nani.

Chinatsu


Shirotae, 3 Machi 2019

Chinatsu,

Marahaba. Tangawizi imefika. Nimeikata nikanywa na chai siku tatu mfululizo, na nimegawa kwa wenzangu wa karakana. Mimi mzima. Wiki tatu tulilala saa nne tu kwa siku, theluji ilikuwa inashuka kuliko tunavyoweza kuisawazisha. Hiyo ni sababu ya wiki tatu. Wiki zilizobaki sina sababu. Nilikaa na karatasi mbele yangu na kuinuka.

Shamba lilikuwa letu. Miforosadi ya babu yako, mistari ishirini na miwili, kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye mierezi. Alipofariki mwaka 1985, hati ilikuwa kwa jina langu kwa sababu mimi ni mkubwa. Hariri ilikuwa imeshakufa. Mnunuzi aliyekuwa akija mara nne kwa mwaka alikuwa anakuja mara moja, na uso wa kuona aibu. Baba yako alikuwa na miaka ishirini na saba. Yeye aliamini itarudi. Vuli ile alipanda miche mipya arobaini kwa mikono yake.

Mwaka uliofuata kampuni ya mlima ikaja na ramani. Lifti ya tatu ilitaka kupita kwetu. Baba yako, Yasuhiko, aliniomba tusubiri mwaka mmoja tu. Sikumjibu. Nilitia muhuri wangu kwenye mkataba wa kuuza siku ya Ijumaa, yeye akiwa mjini kununua mbolea.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako aliyeniuliza: Ijumaa ile niliichagua. Nilijua hatakuwepo.

Alirudi jioni akakuta vigingi vyekundu shambani. Hakunigombeza. Alishusha magunia ya mbolea moja moja, akayapanga ghalani vizuri kama kawaida yake, akanawa mikono. Mwezi Machi uliofuata alipanda treni akaenda mahali ambapo theluji haianguki.

Lakini usiandike kichwani mwako kwamba niliuza nikakaa. Kabla ya kutia muhuri niliweka sharti moja: wanipe kazi ya trekta. Yule bwana wa kampuni alicheka, akasema, "Tunahitaji wapishi, dada." Nikamwambia basi muhuri unabaki kwenye droo. Wakanipa. Miaka miwili nilipaka grisi minyororo na kutafuta glavu zangu walizonificha wanaume wale. Mwaka wa tatu dereva mmoja akavunjika kifundo cha mguu, nikapanda mimi. Sijashuka tangu siku hiyo.

Njia ya Miforosadi haiguswi na mwingine. Kila alfajiri ya kila kipupwe, miaka thelathini, nimeilima mimi. Muulize dereva yeyote wa bonde hili ni njia ipi iliyonyooka.

Sasa na la mwisho. Tarehe 14 Aprili ni zamu yangu ya mwisho, nimefikisha umri. Ndiyo sababu nilikuambia usisogeze tarehe. Sikukwambia mapema kwa kuwa sikutaka uje kunihurumia. Njoo kujifunza kuteleza.

Fusae


Kochi, 21 Machi 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo. Cheri zimeanza kuchanua kando ya mto. Mbegu za tangawizi zimetolewa, baba anazikagua moja moja.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikafanya jambo ambalo hukuniruhusu. Nilimpelekea baba. Aliisoma amesimama mlangoni mwa ghala, miwani imeshuka puani. Ni kurasa nne, lakini alikaa nazo muda wa kurasa arobaini.

Akasema, "Ijumaa." Akasema tena, "Kumbe hakuweza kufanya mbele yangu." Kisha akasema, kama anaongea na mbegu, "Nilidhani haikumgharimu kitu. Miaka yote hii nilidhani alitia muhuri huku anakunywa chai."

Alikunja barua, akanirudishia. Jana, nikiwa naondoka, akaniuliza kutoka jikoni, "Aprili kule asubuhi kuna baridi kiasi gani?" Nikasema kama digrii mbili chini ya sifuri. Akasema, "Haijabadilika."

Nitafika tarehe 9 na treni ya saa nane na dakika arobaini mchana. Kama nitashuka peke yangu au la, sijui, na siulizi, nisije nikaharibu. Toa magodoro mawili kabatini, lakini la pili usilitandike.

Mimi nimefika dakika tisa kwa magoti. Ramani naijua kwa kichwa.

Chinatsu


Kochi, 17 Aprili 2019

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Tumefika salama. Baba alilala kuanzia Tokyo hadi Okayama na mdomo wazi, na tangu turudi anatembea kama amepigwa, ila hakubali kuwa anaumwa. Mimi nimeungua pua. Ulisema matundu, sikusikia.

Siku ya kwanza uliiona mwenyewe, nilianguka mara kumi na moja, na ulizihesabu kwa sauti. Nataka nikusimulie siku ya pili, maana ulikuwa umelala baada ya zamu.

Unakumbuka baba alisema atakwenda kunitazama tu? Nilipofika dukani kukodi mbao, nikamkuta tayari amevaa viatu. Nikamwuliza, "Baba, unajua?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Wewe unadhani shuleni tulikuwa tunakwendaje?" Miaka thelathini na miwili hajakanyaga theluji, Shangazi, na alishuka kile kilima cha wanafunzi mikono ameiweka mgongoni kama mtu anayekagua shamba. Nilikasirika nikacheka.

Akasema twende juu. Nikasema bado. Akasema, "Umesafiri siku nzima kuja kuteleza na watoto wa chekechea?" Tukapanda lifti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kule juu nilipoona bonde lote, paa la nyumba yako likiwa dogo kama kiberiti, niliogopa. Nikakaa chini. Nikamwambia nitateremka nikiwa nimekaa.

Akasema, "Simama. Dada yangu ameamka saa tisa alfajiri kukulainishia njia hii, wewe unataka kuipangusa kwa makalio?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akitamka "dada yangu".

Nikasimama. Theluji ilikuwa hasa kama ulivyoandika, chumvi ya mawe, inaachia kidogo kidogo. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia. Nilianguka mara mbili, nikainuka. Tulipofika Shamba la Miforosadi nilikuwa naimba, sijui wimbo gani. Hakuna mkunjo hata mmoja njia nzima, nilihisi ninaendesha barabara mpya ya lami. Nilitamani kuwaambia watu wote wanaopita kuwa hii ni kazi ya shangazi yangu, na wawili niliwaambia kweli.

Nikageuka, baba amesimama katikati ya njia, karibu na mwisho wake kule chini. Amevua glavu. Aliinama akaweka kiganja kwenye theluji, akakibonyeza. "Hapabonyei," akasema. Nikamwuliza kwa nini pangebonyea. Akavaa glavu, tukashuka.

Hilo sikulielewa. Labda wewe unalielewa.

Karakana hawajaniuliza chochote kuhusu safari, nami sijawasimulia. Nilidhani nitarudi nitambe mbele ya Nomura. Sina haja tena.

Chinatsu


Shirotae, 26 Aprili 2019

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mmefika. Theluji ya uani imebaki kidole kimoja, na vichipukizi vichungu vimetoka ukingoni mwake. Nimekaanga vingi kuliko ninavyoweza kula.

Naelewa alichosema baba yako. Nitakueleza, na nitakueleza na jambo jingine ambalo wewe ulilala hukuliona, la asubuhi ile mliyoondoka.

Nilifika karakana saa kumi kasoro robo alfajiri, nikamkuta Yasuhiko amesimama mlangoni na chupa ya chai ya tangawizi. Abiria hawaruhusiwi kwenye trekta. Msimamizi wa zamu alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akakumbuka kwamba ana kazi nyuma ya jengo. Tukapanda.

Nikaendesha hadi Miforosadi. Nikashusha bamba la kusawazishia theluji, nikaanza kutoka juu. Tulipokaribia mwisho akasema, "Pembe ile ya chini maji yalikuwa yanatuama. Miche yangu kumi na miwili ilioza pale."

Nikamwambia, "Najua. Kila mwaka theluji ya kwanza naisukuma pale kabla ya pengine popote."

"Nilitaka kuchimba mfereji."

"Nilichimba. Kiangazi cha mwaka wa pili. Kwa jembe lako."

Akatazama dirishani upande wa pili muda mrefu. Mimi nikaendelea kuendesha, ndiyo kazi yangu. Kisha akasema, "Umelitunza shamba, dada." Niliwahi kupewa cheti na meya, kipo ukutani, sikuhisi kama nilivyohisi pale.

Halafu akasema, "Nipishe nijaribu." Nikampisha. Aliendesha mstari mmoja, kutoka pembeni hadi kwenye nguzo ya lifti. Ulipinda kama mkia wa paka. Kwa miaka thelathini sijawahi kuacha mstari wa namna ile. Hata wa mtu mwingine narudi kuusahihisha. Ule niliuacha. Saa mbili na nusu watu wakaanza kushuka juu yake, na nilisimama nikawatazama mpaka wa mwisho.

Nikamwomba msamaha kwa ile Ijumaa. Akasema chai inapoa.

Tarehe 14 nilimaliza. Waliniletea maua, wakajipanga mstari, vijana wanane, wawili kati yao ni wasichana niliowafundisha mwenyewe. Yule mdogo ndiye atakayechukua Miforosadi. Nilimpeleka nikamwonyesha pembe ya chini. Nimekabidhi funguo. Sikulia mbele yao.

Magodoro nimeyaanika juani. Yote mawili.

Fusae


Kochi, 12 Mei 2019

Shangazi Fusae,

Shikamoo. Tangawizi imepandwa. Mvua imekuja kwa wakati. Nimefanya kazi sikukuu zote kama nilivyoahidi, na sijutii hata siku moja. Baba anauliza utakuja lini. Amekuandalia chumba cha upande wa bustani, na ananiambia nikuandikie kama wazo langu. Basi ukijibu, andika kana kwamba ni wazo langu.

Kuna jambo nami sikukwambia. Nilipoanza kazi ya basi miaka sita iliyopita, baba alisema hiyo si kazi ya mtoto wake. Hatukugombana. Aliacha tu kuuliza zamu zangu, na hajawahi kupanda basi langu. Akiniona kwa mbali husubiri linalofuata. Kila Jumapili tunakula pamoja, tunazungumza habari za tangawizi.

Alhamisi nilisimama kituo cha sokoni, nikamwona kwenye foleni amebeba mfuko wa mbolea. Nikajua atarudi nyuma. Hakurudi. Alipanda, akakaa kiti cha mbele kabisa, mfuko kwenye mapaja.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani yake. Nilimsikia baba akimwambia, na alikuwa hasemi kwa sauti ndogo, "Dereva huyu ni binti yangu. Mwezi uliopita ameteremka Mlima Shirotae kutoka juu kabisa. Dada yangu alikuwa akiendesha trekta la theluji huko, miaka thelathini. Kwetu sisi wanawake ndio wanaoendesha."

Bibi akauliza, "Na wewe unaendesha nini?"

"Mimi nimejaribu mara moja," baba akasema. "Nilipinda."

Sikuweza kugeuka, nilikuwa barabarani. Nilitazama mbele tu, mbali, mikono imeshika usukani barabara.

Kwa baba ni kituo cha pili kutoka sokoni, Shangazi. Nilisimama, nikafungua mlango, nikasubiri. Hakushuka. Alikwenda nami mpaka mwisho wa njia, tukageuza, tukarudi wote.

Wako,
Chinatsu